Baba Mkwe Hakula Pilau Yangu

Nilikuwa na mimba ya miezi minane na gari niliendesha mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililozungumzwa kwanza mtaani kwetu Cibitoke, hapa Bujumbura, Jumapili ile, kabla hatujamaliza hata kufunga milango. Jirani yangu alisimama kizingitini kwake, mikono kiunoni, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunifikia:

"Angalia, leo tumbo ndiyo inashika usukani."

Nikamjibu kupitia dirishani kwamba tumbo halina leseni, mimi ninayo. Na ni kweli ninayo. Mtihani niliufanya Kigoma mara moja tu nikafaulu, siku ambayo wanaume wawili waliokuja na suti walirudishwa nyumbani wakajifunze upya.

Ninayo pia diploma ya ushonaji. Nimeitia kwenye fremu na kuitundika ukutani, juu ya cherehani ya kwanza kati ya cherehani zangu nne, ili mteja anayepimwa kiuno awe na kitu cha kusoma. Nilizaliwa kambini, ng'ambo ya ziwa, kwa wazazi waliokimbia zamani. Walipofariki nililelewa na shangazi, nikasoma kwa kufua nguo za watu, na siku niliporudi katika nchi ambayo sikuwa nimewahi kuiona nilishuka melini na mume, watoto wawili na cherehani moja. Mwaka mmoja baadaye cherehani zilikuwa nne, wasichana wa kazi watatu, na nje ya karakana palisimama gari dogo jeupe lenye usukani upande wa kulia, kama magari yote yanayotoka Tanzania. Hakuna kati ya hivyo nilichopewa na mtu.

Mume wangu ni mwalimu. Ni mtu mwema, mwenye sauti ya chini, na hajui kuendesha hata baiskeli. Yeye alikimbilia Kigoma vita vilipoanza, akaniletea suruali iliyochanika gotini, na mengine yakafuata. Baba yake hakukimbia. Alikuwa fundi mwashi aliyestaafu, mjane, akiishi peke yake Gasenyi, kule ambako nyumba za mji zinaisha na vilima vinaanza. Na vilimani ndiko bunduki zilikokuwa.

Vita vilikuwa vimezeeka mwaka ule. Tulijua saa ya kuwa nyumbani, tulijua barabara ipi inafungwa lini, na watoto waliweza kutofautisha mlio wa mbali na wa karibu kama wanavyotofautisha ng'ombe na mbuzi. Lakini mume wangu hakuzoea. Watu wengine wakisikia mlio huuliza ni nini. Yeye aliuliza ni upande gani. Wiki iliyotangulia kitu kilikuwa kimetoboa bati la jirani wa baba yake na kuua mbuzi aliyekuwa amefungwa ndani. Mume wangu alikuwa amekwenda Gasenyi mara nne kumwomba mzee aje akae kwetu, na mara nne alirudi peke yake.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema iko bien, iko muzuri kwake."

"Na sababu?"

"Hakuna sababu," akasema, akatazama pembeni.

Basi nikamwambia aniachie mimi. Mpango wangu ulikuwa rahisi, na niliuona mzuri kuliko yote: tungemchukua mzee Jumapili baada ya misa, tumpeleke ziwani, ambako hakuwa amefika kwa miaka mingi, nimlishe pilau yangu ashibe, awatazame wajukuu wakicheza, moyo ulainike. Wakati wa kurudi ningekata kona ya kwetu badala ya kunyoosha kwake, na kitanda angekikuta kimetandikwa. Nilitaka awe nyumbani kwetu kabla mtoto hajazaliwa, mume wangu apate usingizi angalau kabla mimi sijaukosa. Niliwatangazia hata wasichana wa karakana kwamba Jumatatu watamkuta mzee amekaa mlangoni. Nguo nikisema itakuwa tayari Jumatatu, huwa tayari Jumatatu.

Nilipika kuanzia alfajiri. Pilau ya nyama, migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani ambao hapa wanaitwa mukeke, chapati ishirini, na chupa ya chai. Mtoto tumboni alipiga teke kila nilipofunika sufuria, na njaa yangu ya siku zile haikuwa ya kawaida. Ilinijia kila nusu saa kama zamu ya mlinzi. Lakini sikuonja kitu. Nilitaka tule wote pamoja, kama tulivyokula Kigoma, sinia moja katikati na mikono kuizunguka.

Gasenyi tulimkuta mzee amekwisha kuvaa koti na kofia, amekaa kwenye kigoda nje. Nikamfungulia mlango wa mbele, kiti cha heshima. Akakitazama kiti, akanitazama mimi kidogo tu, kisha akageukia binti yangu wa miaka sita.

"Mwambie mama yako, mi nitakaa nyuma na watoto."

"Baba, nyuma kuna sufuria," nikasema.

"Mwambie, sufuria na mi tutaelewana."

Binti akanigeukia. "Mama, babu anasema yeye na sufuria wataelewana."

"Nimesikia."

Ndivyo alivyokuwa tangu tuliporudi. Hakusema nami moja kwa moja hata siku moja. Kwetu alifika mara tatu, kila mara nilimwandalia, na kila mara alikumbuka ghafla kwamba ana mtu wa kumwona. Nilijua la kufikiri: mzee hanipendi, kwa sababu nimekuja na lafudhi ya ng'ambo. Hilo nilikuwa nimelimeza, ila lilikuwa bado halijashuka.

Basi mume wangu akatia kigoda cha mzee ndani ya buti, akakaa mbele, miguu yake mirefu imekunjwa hadi kidevuni, na mzee akakaa nyuma katikati ya wajukuu, amepakata sufuria ya pilau kama mtoto wa nne, baada ya yule wa tumboni.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kabla ya kuingia mjini. Askari kijana akainama dirishani upande wa mume wangu, kwa kuwa upande ule ndio wa dereva katika magari ya kwao. Akamkuta hana usukani. Akazunguka.

"Ni we ndiyo unaendesha?"

"Ni mimi."

"Na hiyo mimba?"

"Nayo inasafiri. Haina kitambulisho bado."

Akacheka, kisha akakumbuka kazi yake. "Muko na nini nyuma?"

"Pilau," akadakia mwanangu wa kiume wa miaka minne, "na sisi hatujala."

Askari akachungulia, akaona mzee na sufuria yake. Akasimama wima. "Mzee, wamekubebesha jiko?" Mzee akamjibu kwa Kirundi jambo ambalo sikulipata vizuri, wote wawili wakacheka, na tukaruhusiwa kupita. Mpaka leo sijui alisema nini. Najua tu kwamba kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Ziwani watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Vita havikuwazuia wenyeji wa Bujumbura kuwa na Jumapili. Palikuwa na vijana wanaocheza mpira na maharusi wanaopigwa picha, na kando kidogo vibanda vya mishikaki, kimojawapo kimebaki nguzo tupu, bati lake limekwenda kuezeka kwingine. Niliegesha gari karibu na nguzo hizo, nikatandika mkeka, nikapanga vyombo. Upande wa pili wa maji milima ya Kongo ilionekana karibu kama ua wa jirani.

"Kiboko!" binti yangu akapiga kelele.

Kweli, masikio mawili yalijitokeza majini, yakatikisika, yakazama. Mtoto wa kiume akakimbilia nyuma ya babu yake. Mzee akamshika mkono.

"Usiogope. Ile naye imekuja na familia yake. Mama yake pia ana tumbo kubwa."

Nikaona pale kwamba mpango unakwenda sawa. Nikaweka sinia katikati ya mkeka na kumimina pilau. Harufu ikapanda, mpaka vijana wa mpira wakapunguza mbio. Nikamkaribisha mzee.

Mzee akageuza kigoda chake, akatazama ziwa.

"Mwambie mama yako, mi sina njaa."

"Babu hana njaa," akasema binti, mdomo umejaa.

Nikampakulia sahani ya peke yake, nikachagua nyama za mfupa, nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka mchangani na kuifunika kofia yake. Nikampelekea samaki. Samaki naye akaingia chini ya kofia. Mume wangu alikuwa anatafuna chapati moja tangu tulipofika, kama mtu anayetafuna karatasi ya siri. Mimi sikugusa kitu. Mgeni hajala, mwenyeji ataanzaje? Mtoto tumboni alikuwa anapiga ngoma, mate yamenijaa, na mbele yangu pilau niliyoipika kwa mikono yangu mwenyewe inapoa. Nilikuwa karibu kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Nikamwita mume wangu nyuma ya gari.

"Baba yako nimemkosea nini? Anadhani nimetia sumu?"

"Hapana."

"Hapendi pilau?"

"Anapenda sana. Hajala tangu jana, alikuwa anaingojea."

"Basi ale!"

Mume wangu akatazama viatu vyake. "Hawezi kula mbele yako. We ni mukazana wake, mke wa mwana wake. Kwa wazee wa kwetu, baba mkwe na mukazana hawaonani wakila. Ni aibu, kwake na kwako. Kuongea pia, wanaongea kupitia mtoto. Ni heshima. Ingekuwa hakuheshimu, angekula."

Nilisimama nikiwa nimeshika mlango wa gari. Kule kambini nilijifunza mengi, lakini hilo halikuwako. Mkwe wa shangazi yangu alibaki upande huu wa mpaka, na wakwe wa majirani zetu vilevile. Tulikuwa watu waliobeba desturi zao zote vichwani na hawakuwa na wakwe wa kuzitendea. Kwa hiyo mimi sikuziona.

"Na nyumbani kwetu?" nikauliza, japo nilikwisha kuanza kuelewa.

"Ndiyo sababu yenyewe. Aliniambia mara ya kwanza. Nyumba yenu iko na salon moja tu ya kukaa na kula, mi nitakula wapi, juu ya bati?"

"Umelijua hilo tangu mara ya kwanza? Safari nne?"

"Niliogopa utasema anakukataa."

"Ungenieleza!"

"Siku ya kwanza tuliporudi ulisema hakuna mtu atakufundisha namna ya kuishi, una diploma."

Nilisema hivyo kweli, mbele ya mashahidi. Ikawa kwamba chambo nilichotumia kumvuta mzee ni kile kile alichokuwa anakikimbia. Nimempakia garini, nimempakatisha sufuria, nimempeleka hadharani, kisha nikamwekea sinia kati yangu na yeye nikamtazama usoni nikingoja ale. Kama ningekaa mwezi mzima kutafuta namna ya kumfukuza asije kwetu, nisingepata iliyo bora.

Nikafungua buti kutafuta maji ya kunawa uso, na hapo ndipo nilipoona furushi la kitambaa cha kwaya. Kilikuwa kitenge cha samawati, mita sita, cha sare ambazo ningeanza kuzikata Jumatatu. Nililitazama furushi, nikatazama nguzo za kile kibanda, nikatazama gari.

"Shika hapa," nikamwambia mume wangu.

Ncha moja tuliibana kwenye mlango wa gari. Nyingine niliifunga kwenye nguzo kwa fundo ambalo fundi asiye na cheti hawezi kulifunga. Kitambaa kikasimama kati ya mkeka na kigoda cha mzee, kikajaa upepo kidogo, kikatulia. Watu wa karibu walidhani tunatengeneza mahali pa kubadilishia nguo. Mmoja akauliza harusi ni ya nani.

Nikamwita binti yangu. "Mwambie babu, mama haoni kitu."

Akapita chini ya kitambaa. Kisha nikasikia kofia ikiinuliwa, na kisha sauti ya mtu anayevunja mfupa. Mimi sikungoja zaidi. Nilikula kama sikuwahi kula. Nilikula pilau, nikala samaki mzima na kichwa chake, nikala chapati ambazo mume wangu alikuwa anazitafuna kwa uchungu. Mtoto tumboni akanyamaza.

Watoto ndio waliokuwa wachukuzi. Walipita chini ya kitambaa na sahani tupu, wakarudi upande wa pili na sahani iliyojaa. Mara ya tatu binti alichoka.

"Babu, kwani mama si yuko hapa hapa? Ana masikio mawili."

Upande wa pili pakawa na kikohozi kirefu. Halafu mzee akasema, na safari hii hakumtuma mtu:

"Mama."

Nikaacha kutafuna. "Naam, baba."

"Hii wali imepikwa namna gani mpaka inakuwa hivi?"

Nikamweleza, tangu kukaanga vitunguu. Nilimweleza kwa urefu, maana pilau yangu haielezwi kwa ufupi. Akasikiliza yote.

"Mi nilizani unajua kushona tu."

"Najua vingi, baba."

"Hata hiyo tumesikia," akasema, na mume wangu akapaliwa na chai.

Akaniuliza baba yangu alitoka mlima gani, maana hapa kila ukoo una mlima wake. Nikamtajia. Akasema kwenye mlima ule alijenga shule akiwa kijana, kwamba udongo wake ni mwekundu na mgumu, unafanya matofali yasiyopasuka. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu chochote kuhusu udongo wa kwa baba yangu. Nilikaa upande wangu wa kitambaa nikiwa na mfupa mkononi, na nilifurahi kwamba hanioni.

Hapo ndipo mlio uliposikika, mzito, wa mbali, kutoka vilimani. Mpira ukasimama. Bibi harusi akageuza shingo. Kisha ukasikika mwingine.

"Ni upande gani?" mume wangu akauliza, kama kawaida yake.

"Iko mbali," mzee akasema taratibu nyuma ya kitambaa. "Iko upande wa kwangu."

Baada ya muda mpira ukaendelea, na mzee akaomba chai.

Tulifunga vitu mapema ili tuwahi vizuizi. Mzee akarudi nyuma na sufuria, nyepesi sasa, na mtoto wa kiume akalala juu ya goti lake. Kitambaa nilikikunja nikakirudisha ndani ya buti. Mimi niliyesema ningekata kona kwa nguvu bila kumuuliza mtu, nilijikuta nashika usukani kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nilikwisha kumlazimisha mara moja siku ile. Sikutaka kumlazimisha tena. Lakini nilijua pia nikinyoosha hadi Gasenyi, mume wangu atalala tena macho wazi, na safari hiyo atakuwa na haki.

Kwenye njia panda nilipunguza mwendo mpaka gari nusura lizimike. Kukata ni kwetu, kunyoosha ni kwake. Pikipiki ikanipigia honi kwa nyuma.

"Mwambie mama yako," mzee akasema.

Binti akaamka. "Nini, babu?"

"Mwulize. Ile kitambaa iko ya ziwani tu, ama inaweza kukaa hata nyumbani?"

Sikumngoja binti. "Hiyo ni ya kwaya, baba. Ya nyumbani nitakushonea nyingine. Ninalo jora zima."

Akafikiri. Honi ikapigwa tena.

"Mwambie akate," akasema. "Lakini kesho nirudi kuchukua redio yangu. Kigoda niko nacho."

Nikakata. Mume wangu alifunga macho kabla hatujafika mlangoni, ameketi vile vile, magoti kidevuni, akaanza kukoroma. Jirani yangu alikuwa bado kizingitini. Alimwona mzee akishuka na sufuria, akafunga mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo nilikuwa nimelingojea mwaka mzima.

Jumatatu wasichana wa karakana walimkuta mzee mlangoni, juu ya kigoda chake, kama nilivyosema. Walikuta pia sijaanza sare za kwaya, kwa sababu nilikuwa nashona pazia la sebule. Pazia la kawaida lina uso na mgongo. Mtu anayekaa upande wa mgongo huona nyuzi, mishono na rangi iliyofifia. Mimi nilishona vitambaa viwili pamoja, migongo ikitazamana kwa ndani, upande wake ukawa uso na upande wangu ukawa uso. Kazi hiyo hufundishwi ukifundishwa kushona mifuko. Mzee alisimama mbele yake akalipapasa kwa vidole vyake vya uashi, akatafuta mshono, hakuupata. Akamwambia binti yangu amwambie mama yake kwamba ukuta huu umejengwa vizuri.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, msichana, mkubwa kuliko wote waliozaliwa wodini siku ile, niliwauliza. Tulikula hivyo mpaka vita vikaisha na hata baada ya hapo, yeye kule, mimi huku, tukisemezana kwa raha kupitia kitambaa kuhusu chumvi, kuhusu matofali, kuhusu mwalimu wetu ambaye sasa alilala mpaka ilibidi tumwamshe. Aliyefaidi zaidi ni yule wa miaka minne. Alikula upande wangu, akaambiwa ameshiba, akapita chini ya pazia, akala tena na babu yake. Mwaka ule suruali zake nilizipanua mara mbili.